Nilimgombeza fundi kwa mkono wa kanzu, kumbe Goma imeanguka (uzi wa vita vya mbali)

MwanaBondeni (mwenye uzi)

Assalam aleikum, na kwa wasio Waislamu, hamjambo. Uzi huu nimeuahirisha tangu Januari. Leo nauandika kwa sababu ya jambo nililolifanya jana usiku, na sikujipenda.

Baada ya isha tulikuwa barazani, wanne, kahawa chungu na kashata. Mtu akatupia kwenye kundi letu la WhatsApp video ya El Fasher, kule Darfur, Sudan. Mji ule ulizingirwa tangu Mei 2024, mwaka mzima na nusu watu wamefungiwa ndani, wengine wakila chakula cha mifugo, na tarehe 26 Oktoba hii ya 2025 wapiganaji wa RSF, wale wanaopigana na jeshi la Sudan, wakauteka. Video wamejipiga wauaji wenyewe. Niliitazama sekunde nne, tano zikizidi. Kidole kikapandisha, nikakuta tangazo la pikipiki inauzwa Kisauni. Hiyo niliitazama mpaka mwisho, na swali nikauliza: matairi yamebadilishwa lini?

Ndipo nikajiona.

Kwa sababu ni mimi huyu huyu ambaye Oktoba 2023, vita vya Gaza vilipoanza, nilikuwa silali. Saa tisa usiku naamka kuangalia simu. Msikitini imamu akisoma kunuti ya nazila, ile dua ya wakati wa msiba, koo linaniuma kwa kujizuia nisilie mbele ya watu, na bado nalia. Siku moja nilimnunia mke wangu tangu asubuhi mpaka magharibi kwa sababu alicheka na dadake kwenye simu. Nikamwambia, watu wanakufa nawe wacheka. Alinitazama tu, akaenda zake jikoni.

Sasa la fundi. Januari mwaka huu nilikuwa na harusi ya binamu yangu, nikapeleka kitambaa kwa fundi wangu Mwembe Tayari. Ni Mkongo, ana miaka mingi hapa, cherehani yake ya miguu iko kwenye veranda ya duka la vyombo. Mshono wake safi, na hachelewi, jambo ambalo kwa mafundi wa Mombasa ni karama. Nilikwenda kuichukua kanzu Jumanne, tarehe 28. Nikaivaa pale pale juu ya fulana. Mkono wa kushoto mfupi, vidole vitatu.

Nilimgombeza. Maneno mengine sitayaandika, la mwisho lilikuwa "kama umechoka na kazi sema, mafundi wamejaa." Hakujibu. Alichukua futi yake akanipima mkono, akanipima tena, akanipima mara ya tatu, kama mtu aliyesahau kusoma namba. Nami ili kupunguza ukali nikamwonyesha simu yangu. Siku moja kabla yake watu wa Gaza walikuwa wameruhusiwa kurudi kaskazini. Picha zile mnazikumbuka: umati unakwenda kwa miguu kando ya bahari, magodoro vichwani, watoto mabegani. Nikamwambia, tazama fundi, watu wanarudi makwao.

Akatazama. Akasema, "Ba kwetu ndiyo wanatoka."

Chini ya kitambaa kilichokuwa juu ya meza, simu yake ilikuwa inapiga. Inapiga, inakata, naye anabonyeza tena kwa kidole gumba bila hata kuiangalia. Dadake alikuwa Goma, mashariki mwa Kongo. Waasi wa M23 waliingia Goma Jumatatu ile, tarehe 27, siku ile ile ya picha zangu. Umeme hakuna, mtandao hakuna. "Niko namuita ku simu tangu jana, haiko inapita." Kisha akaurudia mkono wa kanzu.

Nilimwambia pole. Neno moja. Halafu nikamuuliza nirudi lini.

Jana usiku baada ya lile la pikipiki nilifungua ramani nikapima. Kutoka Mombasa mpaka Goma, kama ndege arukavyo, haifiki kilomita 1,200. Mpaka Gaza ni karibu 4,000. Zaidi ya mara tatu. Na Goma wanasema Kiswahili! Ukimtukana mtu wa Goma anakuelewa bila mkalimani. Sasa mimi nauliza, na nauliza kwa dhati, si kuja kuhubiri: hivi huruma yetu inapita njia gani? Nani anaielekeza?

MkaidiWaKisauni

Yakhe, umejitesa bure. Huruma si maji ya bomba useme nani kafunga koki. (Na maji ya bomba mtaani kwangu yanakuja mara moja kwa wiki, tukiwa na bahati.)

Mimi nitasema ambalo wengi hawataki kusema. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, watoto wa nchi hii. Novemba ya mwaka huo huo Paris ikashambuliwa, wakafa 130, na siku ya pili nusu ya marafiki zangu wa Facebook wamejipaka bendera ya Ufaransa usoni. Watu wa Tudor, watu wa Nyali! Siku moja kabla ya Paris, Beirut walikufa zaidi ya 40, hakuna aliyejipaka mti wa mwerezi wa bendera ya Lebanon. Tangu siku hiyo nikaacha. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nitalia na wa mtaani kwangu, basi.

Halafu hizo video zenu. Kwenye kundi letu mtu alileta ndege ya kivita inatunguliwa, watu wanapiga takbir. Mpwa wangu wa miaka kumi na miwili akasema, Ami, hii ni Arma 3. Mchezo wa kompyuta! Wazee wazima tumeshaulilia.

MwanaBondeni

Hahaha, hiyo Arma 3 nami nliituma kwa watu saba. Lakini Mkaidi, umesema utalia na wa mtaani kwako. Fundi yuko mtaani kwangu. Hapo ndipo panaponishinda.

BiKibokoni

Mwanangu MwanaBondeni, na wewe Mkaidi. Nyinyi mwasema mbali, mbali. Mji huu hauna mbali. Huu ni mji wa bahari.

Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilipoanguka, watu wa Barawa walikuja hapa kwa vyombo, wengine wakiwa hawana hata viatu. Mimi nilikuwa nimeolewa mwaka huo. Tulikwenda kuwaona kambini Utange, mamangu na mimi, na sufuria ya wali. Akina mama wale walikuwa wakisema Chimbalazi chao, na mamangu alisimama pale akisikiliza kinywa wazi, kwa sababu maneno nusu ni yetu. Aliniambia njiani, "Kumbe ni sisi." Mpaka siku hiyo Somalia kwake ilikuwa jina la redioni.

Halafu la Garissa alilolitaja Mkaidi. Siku ile ile, tarehe 2 Aprili 2015, al-Qaeda waliingia Mukalla, Yemen, wakavunja jela. Babu yetu mzaa baba alitoka Hadhramaut, na mpaka leo tuna watu Mukalla na Shihr. Nilikuwa nimekaa ukumbini, televisheni inaonyesha Garissa, simu inaleta Mukalla. Jirani yangu, mama wa Kikamba, mwanawe alikuwa akisoma chuo kingine lakini alikuwa na rafiki Garissa, akaja akanikuta nalia, akanikumbatia akadhani nalia yake. Na nilikuwa nalia yake. Na yangu pia. Sikumweleza. Machozi ni yale yale, ningeanza kumgawia fungu lake na fungu langu?

Watu wa Hadhramaut Mombasa hii ni wengi, maduka mnayajua. Nani aliwahi kuwauliza, jamani Yemen vipi? Vita vile vilipopamba moto 2015, ndege za Saudia na wenzake zikipiga, mimi niliulizwa na watu wawili. Mmoja ni daktari wa macho.

Na Mkaidi, fimbo ya mbali haiui nyoka, sawa. Lakini nyoka wa mbali hutambaa. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Kikambala ililipuliwa kwa sababu ya ugomvi wa Waarabu na Waisraeli. Waliokufa Waisraeli watatu, Wakenya kumi, baadhi yao wacheza ngoma waliokuwa wamesimama mlangoni kuwakaribisha wageni. Walikuwa na nini na Palestina wale? Njuga miguuni.

DerevaMasafa

Nasoma nikiwa Mariakani, foleni ya mizani.

Mimi si mtu wa pwani kwa kuzaliwa lakini gari langu linapakia Kilindini miaka kumi na minne sasa. Mizigo ya Kongo inapita bandari hii, watu wa Mombasa mnalala kando yake. Zamani tulikuwa tunapita Bunagana kuingia kwenda Goma. Juni 2022 M23 wakaichukua Bunagana, njia ikawa habari nyingine.

Goma niliijua. Chini ni mawe meusi ya volkano, yale ya mlima Nyiragongo, unatembea viatu vinaisha. Vijana wanasukuma chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, imebebeshwa viazi magunia sita, nane, anashuka nayo mlima kama kichaa. Kuna mama alikuwa anatupikia madereva sombe na ugali, sombe ni kisamvu chao. Alikuwa na deni langu la faranga, au mimi nina lake, hatukuwahi kukubaliana.

Januari nilipoona habari, sikuwaza "Goma imeanguka." Niliwaza yule mama na masufuria yake makubwa, atayabeba vipi. Hiyo ndiyo tofauti, ndugu. Mahali ulipokula, habari yake inakuja na harufu. Mahali hujala, inakuja na namba tu. Hiyo ya El Fasher sijui kwako ilikuwaje, lakini mimi pia niliipita, sijawahi kufika Sudan.

MamaMikindani

Nimesita kuandika kwa sababu najua nyuzi hizi zinavyoishia, lakini mmekuwa wastaarabu leo.

Mimi ni Mkristo. Oktoba 2023 wewe MwanaBondeni unalia msikitini, kanisani kwetu tulikuwa tunaombea Israel. Tarehe 7 waliuawa kule watu wapatao 1,200, na kati yao vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa wamekwenda kujifunza kilimo. Habari zao zilinivunja mimi kuliko zote, kwa sababu nina mwanangu aliyekuwa anatafuta nafasi kama hiyo hiyo. Kazini kwetu tuko meza sita. Wiki hiyo meza tatu hazikusalimiana na meza tatu. Miezi ikaenda, Gaza wakafa makumi kwa maelfu, watoto kwa watoto, nami rohoni nikawa naona, lakini mdomo ulikuwa mzito kusema mbele ya wenzangu, maana ningeonekana nimehamia upande wa pili. Tuliwagawana maiti kama timu za mpira.

Sasa nitakujibu swali lako la huruma inapita njia gani, kwa ninavyoona mimi. Inatafuta upande. El Fasher, Waislamu wanawaua Waislamu. Goma, Wakristo wanawaua Wakristo. Huko hakuna jezi ya kuvaa. Msikitini hakuna wa kumlaani, kanisani hakuna wa kumshangilia, basi tunapandisha kidole tunatazama pikipiki. Kwa hiyo najiuliza, ile ya 2023, tulikuwa tunawalilia wao au tulikuwa tunajilinda sisi kwa sisi hapa hapa Mombasa?

Na mimi El Fasher sikuiombea. Naandika ili mjue sijitoi.

MwanaBondeni

Dadangu, hiyo imenichoma na siwezi kuikataa yote. Nitaikataa nusu. Mtoto niliyemwona Gaza anatolewa chini ya zege, kwa yule nililia yeye. Hakuna timu pale. Lakini hasira iliyofuata, ya kununia watu nyumbani na kazini... hiyo ilikuwa yangu mwenyewe. Hiyo nakupa.

KibaruaShimanzi

Mnaongea machozi, mimi Sudan niliijua kwa mfuko.

Napakia chai ghalani. Mombasa ndipo chai ya Kenya na ya majirani inauzwa kwa mnada, na Sudan walikuwa wanunuzi wazuri, wanapenda chai nyeusi nzito. Vita vyao vilipoanza Aprili 2023, Burhan na jeshi huku, Hemedti na RSF huku, sikujua hata mmoja wao ni yupi. Februari mwaka huu RSF na wenzao wakaja Nairobi kutia saini mkataba wa serikali yao ya pembeni. Machi serikali ya Burhan ikakasirika, ikapiga marufuku bidhaa zote kutoka Kenya, na chai ndani. Siku zangu za kazi zikatoka tano kwa wiki zikawa mbili. Msimamizi akatuambia "ni mambo ya Sudan." Tukacheka. Sudan ina nini na mimi?

Nyumbani binti yangu akanisomea habari kwenye simu, akanieleza nani ni nani. Kwa hiyo usiniulize kama nina huruma. Mimi nilianza kwa njaa, huruma ikaja nyuma. Hata Ukraine 2022 ilikuwa hivyo, nani alikuwa anaijua kabla bei ya unga wa ngano haijapanda na mahamri kuwa madogo kama vifungo?

MkaidiWaKisauni

Kibarua umesema kweli tupu. Na hapo mimi nasimama: habari ya mbali iwe na maana kwangu, iwe imenigusa. Si kila kitu kilie. Mtu akibeba misiba ya dunia nzima, atabaki na mgongo wa kubeba jeneza la jirani?

Na waliochangisha pesa je? Kila vita vikianza namba ya kuchangia inazunguka. Nilituma elfu mbili 2023, mpaka leo sijui zilifika wapi. Pengine zilijenga ghorofa Bamburi.

NesiWaUsiku

Niko zamu, kumetulia, nitaandika kwa vipande.

MwanaBondeni, zile sekunde nne zisikufanye ujione mnyama. Kuna mtafiti Mmarekani, Paul Slovic, ameshughulika na jambo hili miaka mingi. Yeye na wenzake walitoa utafiti mwaka 2007: watu walipewa nafasi ya kuchangia wenye njaa Afrika. Kundi moja walionyeshwa msichana mmoja wa miaka saba, wa Mali, anaitwa Rokia. Kundi jingine wakapewa takwimu za mamilioni. Waliomwona Rokia walitoa kama mara mbili ya wale wa takwimu. Ajabu ni kundi la tatu: walipewa Rokia na takwimu pamoja, mchango ukashuka karibu na wa takwimu peke yake. Yaani namba haikuongeza kitu, ilipunguza. Dereva amesema hayo hayo bila kusoma popote. Mama mmoja na masufuria yake.

Jingine. Baada ya bomu la mbio za Boston mwaka 2013, watafiti waliwapima watu mshtuko. Waliokaa saa sita au zaidi kwa siku wakitazama habari zile walionekana na dalili nzito kuliko waliokuwepo pale pale bomu lilipolipuka. Kwa hiyo mtu akija kwetu hapa analalamika moyo unakwenda mbio, halali, hasikii njaa, pressure iko sawa, siku hizi nauliza na simu: unalala nayo wapi? Mwezi uliopita alikuja bibi mmoja na mjukuu wa miaka sita. Mtoto ameanza kukojoa kitandani tena. Tukazungumza wee, mwisho ikatoka kwamba babake anatazama video za vita usiku kitandani, mtoto yuko ubavuni, na baba anadhani amelala. Hajalala. Sauti anaisikia.

Hiyo ndiyo nasema bila kuremba: kutazama hakumsaidii aliye kule. Ungekuwa unamsaidia ningekwambia tazama. Habari dakika kumi, mchana, imesomwa, inatosha kukufanya mtu anayejua. (Naitwa, narudi.)

MmakondeWaMsambweni

Nyuzi kama hizi huwa nasoma nikinyamaza. Leo hapana.

Mmetaja Gaza, Sudan, Kongo, Yemen, hata Ukraine na mahamri. Mmetaja mpaka Paris. Cabo Delgado hamkuitaja, na ndiyo iliyo karibu kuliko hizo zote. Kaskazini ya Msumbiji. Mwenye uzi, fungua tena ramani yako: Mombasa mpaka Palma haifiki kilomita 800 kwa anga. Ni safari ya Kisumu hiyo. Na pwani ile wanasema Kimwani, ukikisikiliza vizuri unashika.

Babu yangu alikuja Kwale kutoka Mueda kufanya kazi za mashamba enzi za Mwingereza. Tulikaa nchi hii bila vitambulisho mpaka watu wetu wakatembea kwa miguu kwenda Nairobi Oktoba 2016, tukatambuliwa, tukaitwa kabila la 43. Furaha kubwa. Mwaka uliofuata, Oktoba 2017, wapiganaji wakavamia Mocímboa da Praia, na tangu hapo kule kwetu hakukutulia. Machi 2021 wakaingia Palma. Dunia ilitazama kidogo kwa sababu kuna mradi wa gesi wa Wafaransa jirani na pale. Wanavijiji waliokuwa wamechinjwa miaka mitatu kabla yake hawakuwa na gesi.

Habari tunapata kwa kuzunguka. Mtu wa Mueda anampigia mtu wa Mtwara, wa Mtwara anampigia mjomba, mjomba anatuita baada ya chakula. Mjomba hasemi kwenye simu, anakuja mwenyewe, na ukimwona amevaa shati la mikono mirefu siku ya kazi unajua kuna mtu amekufa. Mwaka 2021 alilivaa mara tano.

Sijaandika ili mnipe pole. Pole zenu wekeni. Nimeandika kwa sababu ya yule fundi. Mimi nauza mihogo na mkaa Diani, wateja wangu wananijua miaka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza "kwenu hasa ni wapi?" na akangoja jibu.

MkaidiWaKisauni

Ndugu wa Msambweni. Mimi huko Cabo Delgado nilijua ni jina la timu. Nakuambia ukweli wangu.

Mueda ni upande gani? Karibu na Mtwara?

MmakondeWaMsambweni

Ukivuka mto Ruvuma unashuka kusini, halafu unapanda uwanda wa juu. Kuna baridi huko, tofauti na hapa. Babu alikuwa akilalamikia joto la Kwale mpaka kufa kwake.

BiKibokoni

Mwanangu wa Msambweni, mihogo yako yauzwa sehemu gani Diani? Nina mwanangu anakaa Ukunda.

MmakondeWaMsambweni

Njia ya Kona ya Musa, Bi. Asubuhi tu. Saa tano nimemaliza.

MwanaBondeni

Nimerudi. Leo baada ya adhuhuri nilikwenda Mwembe Tayari.

Fundi aliponiona alikunjua uso, akadhani nina kitambaa. Sina. Nikakaa kwenye lile benchi lake la wateja, ambalo miaka yote sijalikalia zaidi ya dakika mbili. Nikasema, fundi, Januari ulikuwa unamtafuta dadako. Sikuwahi kukuuliza alipatikana.

Alikata uzi kwa meno kwanza. Akasema siku kumi na moja. Siku kumi na moja alikuwa hajui, na kazi zake za siku hizo karibu zote zilirudi, si kanzu yangu tu. Gauni la bibi harusi alilishona zipu ubavu usio wake. Siku ya kumi na mbili dadake akapiga, kwa simu ya mtu. Walikuwa wamejifungia chumba kimoja watu kumi na tisa, maji wakichota ziwani Kivu. Mumewe alitoka kutafuta chakula siku ya tatu na mpaka leo, hii ni Novemba, hajarudi na maiti haikuonekana. Akaniambia hivyo huku anaingiza uzi kwenye sindano, na ukaingia mara ya kwanza.

Nikataka kumwomba msamaha kwa yale maneno. Nikaanza. Akanikatiza, "Mkono uko mufupi mpaka leo?" Nikamwambia ndiyo, niliivaa hivyo hivyo harusini nikakunja yote miwili. Akacheka sana. Akasema leta, nitashusha.

Kuna kitu kimoja kingine. Nyuma ya cherehani ana mfuko wa plastiki, ndani gauni nne za shule za samawati, za watoto wa dadake. Amezishona tangu Agosti. Uwanja wa ndege wa Goma haufanyi kazi, benki kule zilifunga milango Januari, pesa kidogo anapitisha kwa simu, lakini gauni hazipiti kwa simu. Hana wa kumpa.

DerevaMasafa, bado uko?

DerevaMasafa

Niko. Nimetoka Mariakani, nimelala Voi.

Safari hii nimeshapita, lakini nashuka tena Mombasa Jumanne, napakia Jumatano, naondoka Alhamisi usiku. Mimi naishia Kampala. Ila kuna mwenzangu, tumejuana tangu utingo, anakwenda Kisoro kila wiki mbili, na Kisoro mpaka Bunagana ni pua na mdomo. Akina mama wa biashara ndogo ndogo wanavuka pale, anawajua kwa majina. Sitaapa zitafika. Nitaapa zitafika Kisoro.

Mwambie fundi aandike jina la dadake na namba ya yule mwenye simu kwenye kitambaa, akishone ndani ya mfuko, asiandike kwa karatasi. Karatasi inalowa. Na afunge plastiki mbili, gari langu linavuja upande wa utingo.

BiKibokoni

Mwana Bondeni, mwambie mfuko usifungwe kabla ya Jumatano. Ntaleta viatu. Watoto wana miaka mingapi?